Huyo jamaa wa wodini usimpe sahihi kesho (mimi nilimpa mwenzake)

Usitie sahihi.

Umesema bima imekataa kulipa upasuaji wa mkeo kwa barua ya mistari mitatu, eti ugonjwa ulikuwepo kabla hajajiunga. Umesema kuna bwana amekufuata hapo hospitali, ana "wakili wake", anataka asilimia 40 mkishinda, na kesho saa nne anakuletea karatasi. Halafu unauliza kama yale ya filamu ya Kimarekani uliyotazama, kijana wakili anaibwaga kampuni ya bima mbele ya juri, yaweza kutokea hapa Mombasa. Yakhe, Kenya hatuna juri. Utampata hakimu mmoja, feni inayolia, na faili ambalo kila ukiliulizia halijapatikana.

2019 mimi ndiye niliyekuwa wewe. Bima ya mama ilianza Machi, Septemba akapigwa na kiharusi. Bili ikafika 412,000. Bima wakaandika kwamba presha alikuwa nayo zamani na tulificha. Niko kwenye benchi nje ya wodi, siku mbili sijalala, akaja bwana wa suti ya kijivu, faili limefungwa utepe mwekundu, tai ina doa la mbaazi. Doa nililiona, wallahi. Nikajiambia wakili anayekula mahamri na mbaazi ni mtu wa watu. Nina diploma mimi, msicheke.

Kumbe si wakili. Ni mtu wa kuokota wateja wodini, akawapeleka kwa wakili aliyekaa ofisini. Alichukua 15,000 "za kufungua faili" na siku ya pili akaja na hati ya kiapo iliyokwisha kupigwa chapa, mimi ni kutia sahihi tu. Nikaitia juu ya goti, mama akilishwa uji kwa sindano upande wa pili wa pazia. Aya ya nne ilisema: mama yangu hajawahi kutibiwa katika hospitali wala zahanati yoyote kabla ya bima kuanza.

Mimi sikusema hivyo. Nilimwambia mama hakuwa na presha. Yeye akaona maneno yangu hayana nguvu, akayatia chumvi. Nilipouliza akanipiga begani: "Ndiyo lugha ya kisheria hiyo, mwanangu."

Twende mahakamani sasa. Wakili wangu nikamwona kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo ya kesi, kwenye korido, akaniuliza, "Wewe ndiye nani vile?" Ningetoka mbio hapo hapo. Nikaingia. Wakili wa bima hakupayuka hata kidogo. Alifungua nakala ya daftari la zahanati moja ya Likoni, akaweka kidole kwenye mstari: Januari, jina la mama, namba ya kitambulisho. Akaniuliza huyu ni nani. Nikasema jina hilo ni la watu wengi. Akaniuliza, na namba ya kitambulisho nayo ni ya watu wengi? Watu walicheka. Hata karani wa mahakama alicheka.

Hakimu akaandika kwamba shahidi si wa kuaminika. Dai likatupwa, na gharama za bima nikazilipa mimi. Na nishukuru iliishia hapo, maana uongo chini ya kiapo mahakamani unaweza kukufunga miaka 7.

Sasa sikiliza jambo ambalo mpaka leo likinijia usiku naamka kunywa maji. Miezi miwili baadaye natafuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto, nikafungua kopo la biskuti la mama. Ndani mna kadi ya zahanati ile ile. Alikwenda kwa sababu alijikata kidole akipaa samaki. Nesi akampima kabla ya kumshona, akaandika kwa kalamu ya buluu: presha 118/76. Kadi ile ndiyo iliyokuwa kesi yangu nzima. Ningekwenda nayo mkononi, ni bima ambao wangetoa jasho, maana anayesema mgonjwa alikuwa na presha ndiye mwenye kazi ya kuithibitisha. Lakini mimi nilikuwa nimeapa kwamba kadi kama hiyo haipo duniani!

Yule bwana nikampigia. Mteja hapatikani. Kule kwa wakili nikaambiwa huyo "si mfanyakazi wetu", na karatasi zangu zote zina muhuri wao. Mawakili wa namna hii ndio wananikera kuliko hata bima. Bima angalau anakunyima kwa barua. Kuvizia wateja hivyo Sheria ya Mawakili inakataza, na mapatano ya "nikishinda ndipo unilipe" kifungu cha 46 kinasema hayana nguvu. Kwa hiyo hiyo asilimia 40 anayokuimbia ni ya filamu.

Kwa hivyo: sahihi haitiwi hospitali. Hata ya kupokea maua. Chukua karatasi, nenda nayo nyumbani, lala, uamke uisome neno kwa neno, na kila sentensi ambayo hukuisema kwa mdomo wako uikate kwa kalamu. Jina la wakili litafute kwenye orodha ya Chama cha Mawakili, maana cheti cha kufanya kazi hukatwa upya kila mwaka. Na kadi zote za mkeo, hata ya kung'oa jino, zikusanye kabla hujafungua mdomo. Zilizo mbaya pia. Wakili wa kweli atataka kuziona zile mbaya kwanza.

Uliuliza pia kama ulalamike kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Bima. Ndiyo, lalamika, ni bure. Wadai bima wakuandikie ni kifungu gani cha mkataba na ni karatasi gani ya daktari wanayoitegemea. Lile la kuhamia bima nyingine na lile la kesi huchukua muda gani, watajibu wengine, mimi nimeshapandwa na presha.

Kesho akija mwambie akuachie karatasi mpaka Jumatatu. Kisha rudi hapa utuambie alisema nini. Na tai yake uitazame vizuri.