Kabla fundi wa intaneti hajagonga geti

Kama ndiyo kwanza umevutiwa waya wa faiba, ule unaoleta intaneti kwa mwanga, nyumbani hapa Dar es Salaam ili ufanyie kazi sebuleni, kuna jambo moja lililonichukua miezi miwili kulijua. Fundi hutengeneza kile anachokikuta. Akifika saa nne asubuhi wakati hitilafu yako imetulia, atafungua kurasa mbili tatu kwenye simu yake, atakuambia mtandao uko sawa, na taarifa yako ya hitilafu itafungwa.

Mimi ni mfasiri, na kazi zangu nyingi natakiwa kuzituma jioni. Intaneti ilikuwa inakatika alasiri, mara dakika kumi, mara saa nzima, kisha inarudi yenyewe. Mafundi watatu walikuja kwa nyakati tofauti. Wa kwanza alizima ruta akaiwasha, wa pili akaibadilisha, wa tatu akanishauri nipandishe kifurushi. Wote walikuja asubuhi, na asubuhi hapakuwa na kasoro yoyote ya kuonyesha. Nilikuwa na hasira tu, na hasira haimsaidii fundi kujua aanzie wapi.

Ndipo nikaanza kuandika kwenye daftari: tarehe, saa iliyokatika, saa iliyorudi, umeme ulikuwepo au haukuwepo, na taa za ruta zilikuwaje. Usidharau taa hizo. Taa iliyoandikwa PON ikiwaka kijani bila kupepesa, ruta yako inawasiliana na mitambo ya kampuni. Iliyoandikwa LOS ikiwa nyekundu, mwanga haufiki ndani ya nyumba: waya umekatika, umekunjwa, au kichwa chake kimelegea au kimeingia vumbi. Hapo hata ukizima na kuwasha mara ishirini hutapata kitu. Piga picha, kwa sababu simu huhifadhi saa ya picha hiyo na hakuna atakayebishana nayo.

Taa zikiwa sawa lakini kurasa hazifunguki, tazama kwanza kama kifurushi kimekwisha. Kisha sogea karibu na ruta, au bora zaidi uchomeke kompyuta kwa waya. Ikienda vizuri hapo na kusuasua chumbani, shida yako ni waifai na kuta za tofali, si laini. Halafu waulize majirani. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari zinazotuhudumia, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Siku kama hiyo hakuna fundi wa nyumbani atakayekusaidia, na kumwita ni kumnyima mwenye shida ya kweli nafasi yake.

Umeme nao unachanganya wengi. Vigawanyio vilivyo kwenye nguzo za mtaani, vinavyogawa mwanga wa waya mmoja kwa nyumba nyingi, havitumii umeme kabisa. Kwa hiyo mara nyingi umeme ukikatika kilichozimika ni ruta yako tu, na betri ndogo ya volti 12 inatosha kukuvusha jioni nzima. Hakikisha tu volti na ampea zinalingana na zilizoandikwa kwenye adapta yake.

Unapopiga simu huduma kwa wateja, omba namba ya taarifa na uiandike kabla hujakata. Usiseme “mtandao ni mbovu”. Sema: “LOS inawaka nyekundu kila siku kati ya saa tisa na saa kumi na moja, nina picha za siku saba.” Kisha uombe waziwazi fundi aje muda huo. Nilipofanya hivyo alikuja wa nne, saa tisa na nusu, na taa ilikuwa nyekundu mbele ya macho yake.

Fundi akifika, uwepo nyumbani mwenyewe. Usimwachie dada wa kazi wala mlinzi, maana hawajui historia ya tatizo. Mkaribishe maji, mwonyeshe daftari, kisha mwachie nafasi afanye kazi yake. Ombi moja tu usiliache: “Fundi, naomba tupime mwanga.” Ana kipimo kidogo cha mkononi, na namba inayotoka huwa hasi: ikizidi kuwa mbali na sifuri, mwanga umezidi kufifia. Wewe usichungulie ncha ya waya uliochomolewa. Mwanga wake hauonekani kwa macho na unaweza kuyadhuru.

Kwangu alisoma -29. Vifaa vingi vya nyumbani huanza kushindwa kwenye -27 au -28. Akaufuata waya kwa vidole hadi kwenye kona ya dirisha la aluminiamu, lile la kusukuma, ambapo waliofunga huduma waliupitisha badala ya kutoboa ukuta. Akalifungua dirisha. Kipimo kikaruka hadi -19. Kila namba ikishuka kwa 3 mwanga umepungua nusu, kwa hiyo dirisha likifungwa nilikuwa nabakiwa na sehemu moja ya kumi ya mwanga wangu. Na mimi dirisha hilo nililifunga kila alasiri, jua linapogeukia sebuleni. Wale watatu wote walilikuta wazi.

Alitoboa ukuta, akapitisha waya kwa mkunjo mpana, akapima tena. Usimruhusu fundi aondoke kabla ya kipimo hicho cha pili, na usikubali taarifa ifungwe kabla hujapita muda ambao shida ilikuwa inatokea. Kampuni ikikuzungusha, malalamiko yaanzie kwao kwa maandishi, yenye namba zako zote za taarifa. Usiporidhika ndipo uende TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ukiwa na karatasi mkononi.

Ile -19 niliiandika kwa kalamu ya wino mzito chini ya ruta, pamoja na tarehe. Mvua za mwaka uliofuata intaneti ilianza tena kusuasua. Fundi aliyekuja alikuwa mgeni kabisa, nikaigeuza ruta nikamwonyesha. Akapima, akapata -26, hakugusa kitu ndani. Alichukua ngazi akaenda moja kwa moja kwenye nguzo.