Mjukuu amenyamaza tangu mama yake aende Omani

SWALI: Mwanangu amekwenda Maskati kufanya kazi za ndani, kaniachia mjukuu wa miaka miwili. Alishajua kusema "maji", "bibi", "kuku". Sasa hasemi, hachezi. Akisikia bodaboda anakimbilia mlangoni. Kliniki walimpima uzito wakasema yuko sawa. Majirani wanasema atazoea.
Bibi, Pangani

JIBU: Shikamoo bibi. Uzito peke yake hautoshi. Mtoto wa umri huo huhuzunika kweli, ila hana maneno ya kulalamikia. Rudi kliniki wiki hii, useme waziwazi: "Maneno aliyokuwa nayo yamepotea." Omba apimwe masikio na makuzi, na ikibidi mpewe rufaa ya Bombo, hospitali ya mkoa wa Tanga. Programu ya taifa ya malezi na makuzi, PJT-MMMAM, ilizinduliwa mwaka 2021 kwa watoto wa miaka 0 hadi 8, lakini wataalamu wa afya ya akili ya wadogo hawa bado ni wachache. Hapo serikali ina deni.

Nyumbani, aogeshwe na kulazwa na mtu yuleyule, saa zilezile. Mama apige simu ya video mara kwa mara; mtoto akigeuza uso msimkaripie, wala msimdanganye kuwa mama anarudi kesho. Na wewe bibi, usingizi unaupata? Waambie kliniki na hilo.