Mshauri anataka picha za marehemu. Nimpelekee?

SWALI: Shikamoo mama. Kaka yangu alifariki ghafla mwanzoni mwa msimu wa korosho, tukiwa hatusemezani kwa ajili ya shamba la mikorosho aliloacha baba huko Nachingwea. Tangu hapo usingizi sina. Hospitali walinielekeza kwa mwanasaikolojia. Tumeongea mara kadhaa, na juzi akaniambia nikirudi nije na picha za nyumbani, nichague mwenyewe, na moja iwe ya kaka. Shangazi kaja juu: eti anayetaka picha ya marehemu ana lake jambo. Hata mimi nina wasiwasi. Picha itamwambia nini mtu asiyetujua?
Mfiwa, Mikumbi, Lindi

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Mpelekee.

Shangazi simlaumu. Huku kwetu Kusini mtu baki akiomba picha, wengi mawazo yanakimbilia kwa mganga. Lakini mganga hubaki na picha, na yeye ndiye anayekuambia kilichomo. Mshauri wako ataiweka mezani, atauliza, wewe utasema, na ukiondoka unaondoka nayo. Akitaka kuipiga kwa simu yake, muulize ya nini, na ukitaka kataa.

Wala njia hii hakuizua yeye. Miaka ya 1850, daktari Hugh Diamond wa Uingereza aliwapiga picha wagonjwa wa akili katika hospitali ya Surrey na kuwaonyesha, akiamini kwamba kujiona kungewasaidia. Aliamini pia kwamba ugonjwa wa akili unasomeka usoni, jambo ambalo leo mtaalamu hawezi kulisimamia. Waliokuja baadaye waliacha kusoma nyuso wakaanza kusikiliza. Judy Weiser, mwanasaikolojia wa Vancouver, Kanada, alifungua kituo cha tiba ya aina hii mwaka 1982. Kwake zinafaa picha ulizopiga, ulizopigwa, ulizojipiga, albamu ya familia, hata picha ya mtu usiyemjua, mradi useme unachokiona.

Sasa swali lako lenyewe. Peke yake picha haitamwambia mshauri kitu. Nikupe mfano wa picha yangu, maana za wateja sizitoi. Ni ya studio, hapa Mtwara mjini: mimi na dada yangu, nyuma yetu pazia lililochorwa ndege na minazi, kana kwamba minazi hatuna. Mgeni ataona wasichana wawili wenye gauni za kitambaa kimoja, basi. Ukiuliza nani alilipa, nitakwambia mjomba, kauza korosho zake wiki ile. Ukiuliza kwa nini dada kaficha mkono nyuma, nitanyamaza kidogo kwanza. Alikuwa ameungua na mafuta asubuhi ile, na mama hakutaka jeraha lionekane. Maswali mawili tu, tumeshafika jikoni kwa mama, na kule ukinihoji kavukavu sikupeleki.

Kwa hiyo usichague zile nzuri tu. Ya kaka, chukua ile ambayo ukiishika mkono unasita. Huenda akakuuliza nani alikuwa ameshika kamera, mlikuwa mnasemaje kabla ya kupigwa, nani alipaswa kuwepo na hayupo, na kaka mwenyewe akiiona leo angesema nini. Kwenye hilo la mwisho ndipo shamba litakapojitokeza. Kwa nilivyokusoma, msiba ni mzigo mmoja, na ule ugomvi ambao hamkuwahi kuumaliza ni mwingine. Mbele ya picha yake unaweza kuyasema yale uliyokuwa umemwekea, hata ya hasira, mtu mzima akikusikiliza bila kuchukua upande. Ndugu zako hapo nyumbani hawawezi, maana kila mmoja ana upande wake kwenye shamba hilo. Ukizidiwa, igeuze picha kifudifudi, mwambie tuishie hapa leo. Atakuelewa.

Albamu zetu za pwani unazijua: unyevu unagandisha picha na nailoni. Usiibandue kwa nguvu, itachanika uso. Beba albamu nzima. Zilizo kwenye simu nazo zinafaa, ila usizirushe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kuomba maoni, utaletewa msiba upya. Na zile za siku ya mazishi ziache kwanza.

Shangazi mwombe akusaidie kuchagua. Watu wazima ndio wanaojua yule aliyesimama pembeni ni nani na alikuja kufuata nini, na akishaanza kusimulia hataona tena kwamba picha za ukoo zinatolewa nje kwa siri.

Jambo moja usilicheleweshe: usingizi ukikata kabisa, au ukianza kuwaza kumfuata kaka, usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Mwambie mtu wa nyumbani akusindikize hospitali siku hiyohiyo.