Re: Mastodon yangu fidi tupu, nimekosea wapi?

Salama ndugu. Umeweka seva yako ya Mastodon (ule mtandao wa kijamii ambao kila mtu anaweza kuendesha seva yake) kwenye kompyuta kuukuu hapo Malindi, umefollow watu ishirini na fidi (pale posti zao zinapotokea) bado nyeupe, sivyo? Kwanza angalia Sidekiq (programu inayofanya kazi za nyuma za Mastodon) iko macho, yangu huku Lamu ililala stima ilipopotea nikashinda siku mbili nalaumu rauta bure. Ikiwa iko sawa basi ngoja tu, seva huletewa posti mpya za mnaowafollow, za zamani haziji zenyewe. Ila diski itajaa mapicha ya seva za watu, mimi kila Ijumaa napiga amri ya Mastodon, tootctl media remove, inafagia yaliyopitisha siku 7. Na ile boti yako ya maji kujaa na kupwa (ya programu, si ya kwenda Shela) itie kwenye listi halafu uifiche houmu (fidi kuu), la sivyo utasoma bamvua tu kutwa.