Kama unaanza kupiga jianzi, sahau kwanza danadana

Fika bustani ya Tiantan, Beijing, saa mbili asubuhi, utawakuta wazee wamesimama duara wakirushiana kwa miguu kitu kidogo chenye manyoya. Hiyo ndiyo jianzi. Niliishi mji huo nikisoma, na kwa vipindi viwili vya baridi nilicheza nao karibu kila Jumamosi.

Ijue kwanza jianzi yenyewe. Chini ina visahani vya plastiki au mpira vilivyopangwa, juu manyoya, mara nyingi manne ya bata bukini yaliyotiwa rangi. Zamani chini ilikuwa sarafu ya shaba yenye tundu katikati. Kwa kuwa uzito wote uko chini, hata ukiipiga ovyo itajigeuza yenyewe hukohuko juu, ishuke na visahani vikitangulia, manyoya yakiipunguza kasi. Muda unao. Anayeanza hauamini muda huo, anaiwahi juu kwa mguu na kuikosa.

Mimi nilikulia kwenye danadana, nikadhani nusu ya kazi imekwisha. Danadana tunapiga kwa mgongo wa mguu, kwenye kamba za viatu. Jianzi ukiipiga hivyo, mguu ukiinama kidogo tu inachomoka mbele. Ayi mmoja (ndivyo wanavyomwita mwanamke wa rika la mama yako, asili yake ni mama mdogo) alinishika goti, akalifungua kwa nje, kisha akaupandisha mguu mpaka ubavu wa ndani wa kiatu ukatazama juu kama sahani. Pigo hilo linaitwa pan. Wiki ya kwanza fanya hilo tu: dondosha kwa mkono, piga moja, daka. Ikirudi wima mbele ya kifua chako, nenda mapigo mawili, kisha udake. Mguu wa kushoto nao usiusahau, maana ukizoea mmoja utaruka kwa mguu uleule miezi yote.

Kiatu kiwe na soli bapa na ubavu wa ndani usio na matuta. Raba za kukimbilia zenye soli nene iliyopinda zinaitupa pembeni.

Na upashe mwili moto, tafadhali. Januari Beijing ni baridi ya chini ya sifuri. Asubuhi moja nilianza bila kuzungusha hata nyonga, msuli wa ndani ya paja ukanivutika, nikakaa wiki tatu natazama wenzangu. Tembea dakika kumi kwanza.

Baada ya pan, jifunze goti. Kwenye duara jianzi nyingi zinakujia usawa wa tumbo, na hapo mguu hauna nafasi: goti linaiinua taratibu, pan inaipeleka kwa mwenzako. Kichwa na kifua ruksa, mkono hapana. Upo pia mchezo wa wavu, unaofanana na badminton, wavu ukiwa mita 1.60 kwa wanaume, lakini huo uache kwa sasa.

Usisubiri uwe hodari ndipo uombe kuingia duarani. Mimi niliingia nikiweza mapigo manne. Walisogea wakanipa nafasi, na yule ayi akawa ananipa za juu, za polepole, moja kwa moja mbele ya mguu wangu wa kulia.