Maswali yenu: kutundika vitu bila kubandua rangi

Mmeniandikia sana kuhusu picha, vioo na saa za ukutani, na mengi yanazunguka palepale: rangi imetoka. Najibu machache hapa, yale yanayojirudia naomba msome vizuri safari hii.

Fundi, tumepaka rangi juzi na imeshakauka kabisa. Naweza kubandika zile stripu za gundi leo?

Hapana.

Hili nimeshalijibu mara nyingi jamani. Rangi kukauka ni kitu kimoja na rangi kukomaa ni kingine, ile ya maji baada ya masaa mawili matatu ukiigusa haikushiki kidole kwa sababu maji yameondoka, lakini kule ndani bado inaendelea kushikana yenyewe kwa yenyewe na kushika ukuta, na hiyo inachukua wiki mbili hadi mwezi, kukiwa na baridi au unyevunyevu ndo inachelewa zaidi. Wenyewe wanaotengeneza zile stripu za gundi za Command wanasema subiri angalau siku 7. Mimi nakwambia kama huna haraka ya lazima acha mwezi uishe. Rangi ya mafuta nayo ipe muda, msiniambie imekauka kwa sababu inang'aa.

Nimebandua tepu ya pande mbili ikatoka na bamba zima la rangi, nyuma yake kuna unga mweupe. Nitumie tepu gani isiyofanya hivyo?

Hakuna tepu itakayokusaidia kwenye ukuta huo. Huo unga mweupe ndo jibu lako. Aliyepaka alipiga msasa, hakufuta vumbi, hakupaka praima, yaani ule mkono wa kwanza wa kushikisha rangi, akamwaga rangi juu, kwa hiyo rangi yako imeshika vumbi na vumbi halijashika kitu. Ukuta wa chokaa ya zamani ni hivyohivyo. Hata usingebandika chochote, siku moja ungekuja kubanduka wenyewe pale kitanda kinaposugua.

Na hapa ndo nagombana na watu kila siku: mnalipia rangi ya bei kubwa halafu mnabana kwenye praima, eti haionekani. Mkono mmoja wa praima kwenye ukuta uliofutwa vizuri una faida kuliko mikono mitatu ya rangi juu ya vumbi. Ukimwita mtu kupaka, simama umuone anafuta.

Kabla hujabandika kitu popote jaribu kwanza: kipande cha masking tepu sehemu iliyojificha, kisugue kishike, halafu kivute kwa haraka. Kikitoka na rangi basi mambo ya gundi sahau kwenye ukuta huo, nenda kwenye tundu.

Nikihama naweza kuziba matundu kwa dawa ya meno?

Usifanye hivyo. Inasinyaa, inapasuka, na rangi haiikubali. Puti, ile dawa ya kuzibia matundu ya ukuta, haina gharama kubwa.

Stripu zimekataa kutoka, kile kiulimi cha kuvutia kimekatika. Nitumie kisu?

Weka kisu chini. Washa draya ya nywele, ipulizie pale kwa nusu dakika hivi mpaka gundi ilainike, usiing'ang'anize sehemu moja maana rangi nayo inalainika, kisha pitisha mshipi wa kuvulia samaki au uzi wa kusafishia meno nyuma yake uwe kama unakata kwa msumeno, taratibu. Mabaki yasugue kwa kidole yajiviringe.

Kwa ambao viulimi vyao bado vipo: vuta kwenda chini sambamba na ukuta, polepole, stripu irefuke mpaka iachie yenyewe. Ukiivuta kuja kwako unang'oa rangi, na ndo kosa la wengi wanaokuja kulalamika gundi mbaya. Halafu wakati wa kubandika ukuta ufutwe kwa spiriti, sio sabuni ya kunukia inayoacha utando, ukandamize sekunde 30, na kwa zile zenye kulabu subiri saa zima ndo utundike kitu.

Mwenye nyumba hataki tundu lolote. Nina kioo cha kilo 12, nibandike?

Hapana, kitadondoka usiku na kuondoka na rangi yote ya pale. Kiegemeze ukutani kikiwa chini na uweke kizuizi kisiteleze, ila kama kuna mtoto anayetambaa hata hiyo haifai. Ongea na mwenye nyumba. Matundu mawili safi yanazibika bila kuacha alama, bamba la rangi lililong'oka halizibiki hivyo.

Namna yenyewe: bandika masking tepu pale unapotoboa, anza na biti ndogo bila kuwasha ile hali ya kugonga ya drili mpaka uvuke rangi, ndo uweke biti ya saizi ya plagi, kile kiplastiki kinachoshika skrubu ukutani. Usigonge msumari wa mbao kwenye lipu, unamegua kipande kikubwa kuliko msumari wenyewe. Na usitoboe juu wala chini ya swichi au soketi kwa mstari ulionyooka, waya unapita humo.

Siku ya kuhama ni puti, msasa laini, praima kidogo, rangi. Hifadhi rangi iliyobaki na uandike namba yake kwenye kopo. Ukuta ukiwa umeshapauka kiraka kitaonekana tu, paka kona hadi kona. Nyumba ikiwa ya zamani sana usipige msasa mkavu, rangi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, Marekani walizipiga marufuku majumbani 1978, na vumbi lake ni sumu hasa kwa watoto.

Ile gundi ya kufinyanga imeacha doa la mafuta.

Maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo. Likibaki, praima ya kuzuia madoa kwanza, maana rangi peke yake doa litapenya.

Fremu inaacha alama nyeusi chini yake ukutani.

Bandika vipande vya felti kwenye kona za chini nyuma ya fremu. Vitazuia kusugua na hewa itapita.

Picha ya kioo juu ya kitanda cha mtoto, stripu nne zinatosha?

Hata kumi hazitoshi. Juu ya kitanda usitundike kitu kwa gundi, hata cha mtu mzima. Ihamishie ukuta mwingine, pale kwa mtoto weka karatasi au kitambaa.