Skrini haina azimio

"Shikamoo Mwalimu. Ninawaandikia wadogo zangu mwongozo mfupi wa kuchagua skrini ya kompyuta ya kuchezea gemu, nami nimekwama kwenye neno moja. Programu ya kutafsiri inanipa 'azimio', wauzaji wanasema 'rezolusheni', rafiki yangu anashikilia 'ubora wa picha'. Sentensi yangu kwa sasa ni hii: 'Chagua monita yenye azimio kubwa, kama 27-inchi 1440p.' Je, hiki ni Kiswahili?"

Marahaba. Bado hakijawa, na kinachoiangusha sentensi yako zaidi ni hilo azimio.

Azimio linatokana na kuazimia, yaani kukata shauri na kudhamiria kulitimiza. Mkutano hutoa azimio. Mwalimu huandaa azimio la kazi. Mwaka ukianza watu hujiwekea maazimio. Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa tamko la chama kuhusu njia ambayo nchi ingeifuata. Kote humo yupo mtu, au kundi la watu, mwenye nia. Skrini haina nia. Kiingereza ndicho chenye neno moja, resolution, lililobeba maana mbili zilizokwisha kuachana: uamuzi wa kikao kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili uwezo wa kifaa kuvitenganisha vitu viwili vilivyokaribiana ili vionekane viwili. Wanaotazama nyota wanaijua vizuri maana hii ya pili, kwa kuwa nyota mbili zinazoonekana kama doa moja kwenye darubini ndogo huweza kuachana zikawa nukta mbili kwenye darubini kubwa. Programu yako imechukua maana ya kikao na kuibandika kwenye skrini. Ukiandika "azimio la skrini", asiyejua Kiingereza hataelewa chochote, na anayekijua ataelewa kwa sababu tu amekirudia Kiingereza kichwani. Neno la namna hiyo halijamfaa yeyote kati yao.

"Ubora wa picha" ni Kiswahili safi, lakini ni pana mno. Ubora unajumuisha rangi, mwanga, weusi wa sehemu nyeusi, hata namna picha inavyobadilika ukiitazama kwa pembeni. Skrini inaweza kuwa na pikseli nyingi sana, yale madoa madogo yanayoiunda picha, na rangi zake zikawa zimefifia. Mwambie rafiki yako aliweke neno lake kwa ajili ya jumla ya mambo hayo yote.

Rezolusheni silikatai. Ni neno la mkopo, limekwisha kuzoea midomo ya watu, na mikopo imeijaza lugha yetu maneno mazuri. Shida yangu nalo ni nyingine: watu wanalitumia kwa mambo mawili tofauti bila kutambua, na kwa mnunuzi wa skrini ya gemu tofauti hiyo ndiyo kiini cha uamuzi wake. Jambo la kwanza ni idadi ya pikseli. La pili ni msongamano wa pikseli, yaani ni ngapi zimepangwa katika kila inchi moja. Kiswahili kinayataja yote mawili waziwazi, na tafadhali mwongozo wako uyataje hivyo.

Chukua skrini mbili, moja ya inchi 24 na nyingine ya inchi 27, kila moja ina pikseli 1920 kwa 1080. Muuzaji atasema rezolusheni yao ni moja, na kwa idadi anasema kweli: kila moja ina pikseli 2,073,600. Lakini ukikaa karibu na ile ya inchi 27 utaona kingo za herufi si nyororo sana, kwa sababu pikseli zilezile zimetandazwa mahali papana zaidi. Tafuta urefu wa mshazari kwa pikseli kwa kanuni ya Pythagoras: mraba wa 1920 ukijumlishwa na mraba wa 1080, kipeuo cha pili cha jumla hiyo ni kama 2203. Gawanya kwa 24, unapata karibu pikseli 92 kwa inchi. Gawanya kwa 27, unapata karibu 82. Idadi ni ileile, msongamano umepungua. Neno rezolusheni linaificha tofauti hiyo, na msongamano unaieleza hata kwa kijana ambaye hajawahi kununua skrini, maana msongamano wa watu na wa magari anaujua.

Kuna mfano mwingine ninaoupenda zaidi. Skrini ya inchi 32 yenye pikseli 2560 kwa 1440 ina msongamano uleule kabisa wa ile ya inchi 24 yenye 1920 kwa 1080. Upana umeongezeka kwa theluthi moja, pikseli za upande nazo kwa theluthi moja. Anayehama kutoka ya inchi 24 kwenda ya inchi 32 akitarajia herufi nyororo zaidi atapata picha kubwa zaidi tu. Msemo "azimio kubwa" usingemwonya.

Umeona nimeandika "1920 kwa 1080". Kiunganishi cha vipimo katika Kiswahili ni kwa: fundi husema chumba cha futi kumi kwa kumi na mbili, nasi tunaelewa pande mbili. "Mara" ni ya hesabu. 1920 mara 1080 ni tendo la kuzidisha lenye jibu, na jibu ni zile milioni mbili na ushei. Upana hutangulia, kimo kinafuata.

Sasa hiyo 1440p. Wengi huisoma "pikseli 1440", na kosa hilo linaeleweka, kwani herufi inaanzana na neno. Hata hivyo p hiyo haihusiani na pikseli. Inatokana na neno la Kiingereza progressive, lenye maana ya kusonga mbele hatua kwa hatua: mistari yote ya picha huchorwa kwa mfuatano, tofauti na mtindo wa zamani wa televisheni uliochora mistari kwa kuirukaruka, zamu moja ile ya witiri na zamu ya pili ile ya shufwa. Kwa hiyo 1440 ni hesabu ya mistari iliyolala, kuanzia juu hadi chini. Ukitaka kuisema kwa Kiswahili sema "mistari 1440".

4K nayo inahesabu upande wa pili. K ni kilo, elfu, na hesabu hii inakwenda kwa upana. Skrini ya kompyuta inayoitwa 4K huwa na pikseli 3840 kwa 2160, hivyo hata hizo elfu nne hazijatimia. Kipimo cha sinema ndicho chenye 4096. Jina moja linahesabu kimo, jina jingine linahesabu upana, na mnunuzi analinganisha 1440 na 4 bila kujua kwamba hazipimi upande mmoja. Ndiyo sababu nakusihi uandike namba zote mbili kila skrini inapotajwa kwa mara ya kwanza. Baada ya hapo 4K ibaki kama jina. Usiitafsiri "elfu nne", utakuwa umeandika uongo.

Ukubwa wa skrini hupimwa kwa mshazari, kutoka pembe hadi pembe, na ni vema uwaeleze wadogo zako hilo, kwa sababu anayesikia inchi 27 hudhani ni upana. Skrini ya inchi 27 yenye uwiano wa 16 kwa 9 kati ya upana na kimo ina upana wa karibu sentimita 60. Aliyepima meza yake kwa kuamini ni inchi 27 za upana, ambazo ni kama sentimita 69, atashangaa.

"27-inchi skrini" na "27-inchi" ni mpangilio wa Kiingereza uliovaa herufi za Kiswahili. Kwetu nomino hutangulia, kipimo kikafuata, na katikati kuna -a unganifu: skrini ya inchi 27, monita za inchi 27, kioo cha inchi 27. Kistari hakina kazi hapo.

Kuhusu monita yenyewe, lindeni upatanisho wake. Wengi wetu tulikuwa na monita wa darasa, na huyo ni mtu: monita huyu amechelewa. Kifaa ni monita hii, imechelewa kuwaka. Sarufi inatutenganishia wawili hao bila maelezo ya ziada. Skrini ni ule uso unaotazamwa, monita ni kifaa kizima pamoja na mguu wake. Kioo husikika zaidi kwenye simu, hasa kikipasuka. Lipo pia kiwambo, kutoka kuwamba, kama ngozi inavyowambwa kwenye ngoma. Ni neno zuri na ningefurahi likitumika zaidi, ila kwa mwongozo wa mnunuzi skrini ndiyo atakayoisikia dukani.

Jihadhari pia na "picha kali". Wanaotafsiri hulitumia wakitaka kusema kingo za picha zimekatika vizuri, lakini mwanga mkali huumiza macho, na picha kali mtaani ni picha ya kusisimua. Sema picha safi, au picha isiyo na ukungu.

Kuna neno jingine utakalolihitaji: kuhuisha. Skrini ya hezi 144 inahuisha picha mara 144 kwa sekunde, ya hezi 60 mara 60. Kwa gemu za mbio na za kulenga shabaha, tofauti hiyo huonekana haraka.

Aya yako ningeiandika hivi:

"Kwa skrini ya inchi 24, pikseli 1920 kwa 1080 zinatosha. Ukipanda hadi inchi 27, tafuta 2560 kwa 1440, ambazo zinakupa karibu pikseli 109 kwa inchi. Kwa inchi 32, 3840 kwa 2160 zitakupa picha safi zaidi, lakini pikseli hizo ni mara nne ya zile 1920 kwa 1080, na kadi ya grafiki, ile sehemu ya kompyuta inayochora picha, italazimika kuzichora zote upya katika kila fremu, yaani kila picha moja. Kadi yako ikiwa ya wastani, chagua pikseli chache na hezi nyingi."

Hapo mwisho nimeandika "pikseli chache" na "hezi nyingi". Vivumishi hivi vya idadi vinakaa vizuri kwa sababu tunataja vitu vinavyohesabika. Ungebaki na azimio, ungelazimika kuandika "azimio dogo", na wadogo zako wangeuliza ni mkutano gani huo uliotoa azimio dogo.